Saa Ngapi na Mara Ngapi: Namna Muziki wa Nyumbani Unavyopata Nafasi Redioni

Msanii anayepeleka wimbo wake redioni, akangoja majuma kadhaa bila kuusikia hewani, huwa na maelezo mawili yaliyo karibu: ama kuna mtu anayengoja bahasha, ama kituo kimeamua kuudharau muziki wa nyumbani. Yote mawili hutokea. Lakini nyimbo nyingi zaidi hukwama mahali pengine, ndani ya utaratibu wa kazi ambao hata watangazaji wanaosikika kila asubuhi hawana mamlaka nao, na asiyeuelewa utaratibu huo huishia kupeleka madai yake kwa mtu asiyeweza kuyatekeleza. Makala haya yanaeleza njia ambayo wimbo hupitia hadi kupigwa, mahali njia hiyo inapozibwa, na yale ambayo nchi mbalimbali zimefanya ili kuizibua, yakiwemo yaliyofanikiwa na yaliyoleta hasara.

Katika vituo vingi vya biashara mtangazaji hachagui nyimbo. Anayechagua ni mkuu wa muziki akishirikiana na meneja wa vipindi, na kwa kawaida hukaa mara moja kwa juma kupitia nyimbo mpya zilizoletwa, ambazo huwa nyingi kuliko nafasi zilizopo. Kituo cha muziki unaovuma hakihitaji nyimbo nyingi. Orodha yake hai huwa fupi kwa makusudi, na kila wimbo mpya unaoingia humaanisha kwamba mwingine umetolewa. Zilizokubaliwa hupangwa kwa madaraja. Za daraja la juu hurudi hewani kila baada ya saa chache, za kati husikika mara chache zaidi, na zilizowekwa kwa majaribio huweza kupigwa mara moja kwa siku, mara nyingi usiku. Kisha programu ya kompyuta hupanga saa kwa saa kipi kifuate kipi, kwa kuzingatia kanuni ilizopewa: nyimbo mbili za msanii mmoja zisikaribiane, wimbo wa polepole usifuate mwingine wa polepole, wimbo uliopigwa asubuhi leo usirudi dakika ileile kesho. Programu za aina hii zimetumika tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Selector, mojawapo ya zilizoenea zaidi, ilianza mwaka 1979. Mtangazaji anapoingia studioni huikuta orodha imekwisha pangwa, na kazi yake ni kuizungumzia.

Kwa hiyo msanii anayemkabidhi mtangazaji rafiki yake wimbo, akitumaini utapigwa asubuhi, mara nyingi amekabidhi wimbo kwa mtu asiye na ufunguo. Hali ni tofauti katika vipindi maalumu vya muziki na katika redio jamii, ambako mtangazaji bado huchagua mwenyewe. Nitavirudia vituo hivyo, kwa sababu naamini umuhimu wao haujapewa uzito unaostahili.

Je, mkuu wa muziki naye huamua kwa kutumia nini? Masikio na uzoefu wake vina sehemu yao, lakini kituo kinachoishi kwa matangazo ya biashara humtaka aonyeshe ushahidi. Njia ya siku nyingi ni kuwapigia simu wasikilizaji, kuwachezea vionjo vya nyimbo vya sekunde zipatazo kumi, na kuwauliza mambo matatu: unaujua wimbo huu, unaupenda, umekuchosha? Njia nyingine ni kuwakusanya watu ukumbini na kuwachezea vionjo mamia kwa mfululizo. Baadaye vikaja vifaa vidogo vinavyobebwa na wasikilizaji waliokubali kupimwa, ambavyo nchini Marekani vilianza kutumika rasmi katika miji mikubwa mwaka 2007, na ambavyo huweza kuonyesha karibu dakika kwa dakika ni lini watu walihama kituo. Meneja anayetazama mchoro huo na kuona mstari ukishuka wakati wimbo fulani ulipokuwa hewani hatauliza kama wimbo ni mzuri. Atautoa.

Kiini cha jambo lote kipo hapa. Vipimo hivi hudai kupima mapenzi, lakini kinachopimwa zaidi ni mazoea. Mtu hawezi kusema anaupenda wimbo kwa kusikia sekunde kumi zake ikiwa hajawahi kuusikia kabla. Atasema haujui, na wimbo usiojulikana hupewa alama za chini au huachwa nje ya kipimo kabisa. Sasa linganisha nyimbo mbili zilizofika mezani siku moja. Wa kwanza umetoka ng'ambo, umekwisha sikika katika filamu, katika mitandao, katika vituo vya nchi nyingine, na gharama za kuutangaza zimelipwa na kampuni kubwa mbali na hapa. Wa pili ni wa bendi ya nyumbani, umerekodiwa vizuri, lakini hakuna aliyewahi kuusikia isipokuwa mashabiki waliohudhuria maonyesho yao. Mkuu wa muziki anayechagua wa kwanza hana haja ya kuwachukia wasanii wa nyumbani. Anachagua ule ambao kazi ya kuwazoesha watu imekwisha fanywa na mwingine. Wimbo wa pili haupigwi kwa sababu haujulikani, na haujulikani kwa sababu haupigwi. Duara hilo halivunjwi kwa kuwahimiza watu wa redio wawe wazalendo. Linavunjwa na kitu kimoja tu, nacho ni wimbo kurudiwa vya kutosha, katika saa ambazo watu wapo, hadi masikio yauzoee. Kila sera inayozungumziwa hapa chini naipima kwa kigezo hicho.

Sera ya kwanza ambayo watu huifikiria ni kiwango cha lazima kinachowekwa na sheria. Kanada ndiyo mfano unaotajwa zaidi. Mwaka 1971 mamlaka ya utangazaji ya nchi hiyo, ikiongozwa na Pierre Juneau, iliamuru kwamba asilimia 30 ya muziki katika vituo vya masafa ya AM iwe ya Kikanada. Kwa muziki wa kawaida kiwango hicho kilipandishwa hadi asilimia 35 mwishoni mwa miaka ya 1990. Wenye vituo walilalamika kwamba nyimbo za kutosha hazikuwepo, na mwanzoni hawakuwa mbali sana na ukweli. Lakini uhitaji wa lazima ulizaa studio, makampuni na mafundi ambao wasingekuwepo, na hii ndiyo faida ya kiwango cha lazima isiyosemwa mara nyingi: hubadilisha hesabu ya mtu anayefikiria kuwekeza katika kurekodi, kwa sababu sasa anajua kwamba vituo vitatafuta nyimbo.

Ugumu huja pale sheria inapolazimika kueleza ni muziki upi ulio wa nyumbani. Kanada ilichagua vigezo vinne, yaani mtunzi wa muziki, msanii anayeimba au kupiga, mahali pa kurekodi au kutumbuiza, na mtunzi wa maneno, na wimbo ulitakiwa kutimiza viwili. Mwaka 1991 Bryan Adams, Mkanada aliyekuwa nyota wa dunia, alitoa albamu ambayo nyimbo zake hazikuhesabiwa kuwa za Kikanada kwa sababu alizitunga pamoja na prodyuza asiye Mkanada na kuzirekodi kwa sehemu kubwa nje ya nchi. Kelele zilikuwa kubwa, na kanuni ikarekebishwa. Ufaransa ilikwepa mtego huo kwa kutumia lugha badala ya uraia: sheria ya mwaka 1994, iliyoanza kutumika mwaka 1996, ilitaka asilimia 40 ya nyimbo ziwe za Kifaransa, na angalau nusu ya hizo zitoke kwa vipaji vipya au ziwe rekodi mpya. Kigezo cha lugha ni chepesi kukagua, ila humwacha nje msanii wa nyumbani anayepiga muziki usio na maneno, au anayeimba kwa lugha nyingine. Ufilipino nayo ilichukua njia nyepesi kuliko zote. Amri ya rais ya mwaka 1987 ilivitaka vituo vya muziki vipige angalau nyimbo nne za watunzi wa Kifilipino kila saa. Napenda jinsi amri hiyo inavyohesabu kwa saa, kwa sababu asilimia inayohesabiwa kwa juma zima huacha mlango mkubwa wazi.

Mlango huo ni usiku wa manane. Kituo kinachodaiwa asilimia fulani kwa juma kinaweza kuijaza kati ya saa sita za usiku na kumi na moja alfajiri, wakati wasikilizaji wamelala, na kwenye karatasi kikawa kimetii sheria bila wimbo hata mmoja kupata mazoea yoyote. Kwa kigezo tulichoweka, kupigwa huko ni sawa na kutopigwa. Kanada iliziba mwanya kwa kutaka asilimia 35 ileile ifikiwe pia kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, Jumatatu hadi Ijumaa. Ufaransa iliandika ndani ya sheria kwamba nyimbo zihesabiwe katika saa zenye wasikilizaji wengi.

Hata hivyo Ufaransa ilikutana na jambo jingine, lililo gumu zaidi. Vituo vilitimiza kiwango kwa kuchagua nyimbo chache za Kifaransa zilizokwisha vuma na kuzirudia mfululizo, hivyo asilimia ikafikiwa huku wasanii wengine wote wakibaki nje. Mwaka 2016 sheria ilirekebishwa: iwapo nyimbo kumi zinazopigwa zaidi zinachukua zaidi ya nusu ya nafasi za nyimbo za Kifaransa katika kituo, ziada hiyo haihesabiwi. Msomaji makini ataona mvutano hapa, kwa sababu nimesema kwamba kurudiwa ndiyo dawa. Ndivyo ilivyo, lakini kwa wimbo ambao bado haujazoeleka. Kurudia kwa mara ya mia tano wimbo ambao kila mtu anaujua hakumwongezei msanii mpya chochote, na sheria inayohesabu mara za kupigwa tu, bila kuuliza ni za wimbo upi, haiwezi kutofautisha mambo hayo mawili.

Kiwango kikubwa mno nacho kina hatari zake. Mwezi Mei 2016 shirika la utangazaji la umma la Afrika Kusini, SABC, lilitangaza kwamba vituo vyake vyote 18 vya redio vitapiga asilimia 90 ya muziki wa nchini. Wasanii wengi walishangilia, na ninaielewa furaha yao; kwa mara ya kwanza baadhi yao waliona mirabaha, yaani malipo ya nyimbo zao kupigwa, yenye maana. Lakini vituo 18 vina wasikilizaji wa aina 18. Agizo lililokifaa kituo kimoja lilifukuza wasikilizaji wa kingine kilichojengwa juu ya muziki wa aina nyingine, watangaza biashara wakafuata wasikilizaji, na mwaka uliofuata sera hiyo ikaondolewa. Sioni kwamba kosa lilikuwa kuwapenda wasanii wa nyumbani kupita kiasi. Kosa lilikuwa kubadilisha karibu kila kitu kwa ghafla, bila kuacha muda wa masikio kuzoea na bila kuvitofautisha vituo.

Nyuzilandi ilikwenda kwa njia nyingine, ambayo kwangu ndiyo yenye mafunzo mengi zaidi kwa mahali ambapo sheria kali haiwezekani. Katikati ya miaka ya 1990 muziki wa nchi hiyo ulikuwa chini ya asilimia 2 ya muziki uliopigwa na vituo vyake vya biashara. Serikali ilikuwa imejifunga kwa mikataba ya biashara ya kimataifa, hivyo kiwango cha lazima kingeleta mgogoro wa kisheria. Ikabaki kazi ya chombo cha umma kiitwacho NZ On Air, kilichoanzishwa mwaka 1989, ambacho badala ya kuwalaumu mameneja wa redio kiliwauliza wanahitaji nini. Jibu lilikuwa kwamba walihitaji nyimbo zilizorekodiwa kwa ubora uleule wa nyimbo za ng'ambo, zinazofaa aina ya kituo chao, na zinazowafikia bila usumbufu. Kuanzia mwaka 1993 chombo hicho kikawa kinakusanya nyimbo mpya zilizofaa kupigwa, kuziweka katika diski moja, na kuituma kwa kila kituo. Baadaye kikagharamia watu wa kuzunguka vituoni, kukaa na wakuu wa muziki, na kurudi tena juma lililofuata kuuliza wimbo umefikia wapi. Mwaka 2002 vituo vya biashara vilikubaliana na serikali, kwa hiari, kufikia asilimia 20 hatua kwa hatua katika miaka michache, na lengo hilo likafikiwa. Tishio la sheria lilikuwepo nyuma ya pazia, na sidhani makubaliano yangefikiwa bila tishio hilo. Lakini kilichoujaza mwanya kilikuwa ile kazi ya miaka ya kutoa rekodi zilizo tayari na kuzifuatilia.

Kuna tofauti kubwa kati ya mtu wa namna hiyo, anayelipwa kuushawishi mkutano wa kituo, na mtu anayelipwa ili wimbo upigwe. Malipo ya siri kwa ajili ya kupigwa wimbo, yaani payola, yalikuwa kashfa kubwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1950, na mwaka 1960 sheria ikataka malipo yoyote ya namna hiyo yatangazwe kwa msikilizaji. Hayakuisha, mwaka 2005 kampuni ya Sony BMG ilikubali kulipa dola milioni 10 kumaliza uchunguzi wa mwanasheria mkuu wa jimbo la New York kuhusu jambo hilohilo. Msanii wa nyumbani asiye na kampuni ndiye anayeumizwa zaidi, kwa kuwa katika mnada wa nafasi hawezi kumshinda mwenye fedha nyingi, na anapojaribu kulipa kidogo alichonacho hulisha tabia itakayomfungia nje kesho. Vituo vinavyoandika kanuni zao za kupokea nyimbo na kuzibandika mahali pa wazi, zikiwemo siku ya kikao, anwani ya kupokelea na muda wa majibu, hupunguza nafasi ya hongo kuliko onyo lolote la jumla.

Fedha halali pia zina njia yake, na njia hiyo huvuja. Wimbo unapopigwa, kituo hudaiwa mirabaha kupitia shirika la hakimiliki, na watunzi hulipwa. Waimbaji na wapigaji hulipwa pia katika nchi zilizokubali haki hiyo, ambayo imo katika Mkataba wa Roma wa mwaka 1961. Marekani ni miongoni mwa nchi chache ambazo redio zake za kawaida hulipa watunzi peke yao. Mgawanyo hutegemea ripoti ya vilivyopigwa, na mahali ambapo vituo havileti ripoti kamili, shirika hulazimika kukadiria kwa sampuli. Msanii aliyepigwa mara tano katika kituo kidogo haonekani katika sampuli, na sehemu yake humwendea ambaye tayari ni mkubwa. Siku hizi kompyuta huweza kusikiliza matangazo na kuutambua wimbo kwa sauti yake, lakini huutambua tu ikiwa rekodi imeingizwa katika hifadhi yake. Kwa sababu hiyo, kabla ya kupeleka wimbo popote, msanii anapaswa kuusajili kwenye shirika la hakimiliki na kuupatia namba ya rekodi ya ISRC yenye herufi na tarakimu 12, jina la wimbo na la msanii likiandikwa kwa namna ileile kila mahali. Ni kazi ya kuchosha. Lakini jina lililoandikwa kwa tahajia tatu tofauti hugawanya ushahidi wa kupigwa katika vipande vitatu, na mara nyingine malipo hayamfikii mwenyewe kabisa.

Katika maandalizi mengine nitapita haraka. Rekodi iwe na ubora wa kusimama kati ya nyimbo mbili za studio kubwa bila msikilizaji kuhisi imeshuka. Kuwe na toleo la redio lisilo na matusi wala utangulizi mrefu. Barua iwe fupi, na imweleze mkuu wa muziki kwa nini wimbo huu unakifaa kituo chake hasa, jambo linalowezekana tu kwa aliyekisikiliza kituo hicho. Kupeleka gospeli kwa kituo cha hip hop, halafu kulalamika, hakumsaidii yeyote.

Bado lipo swali ambalo sera za kitaifa hulikwepa: wa nyumbani, nyumbani wapi? Kituo cha mji mdogo kinaweza kutimiza kiwango chochote kwa kupiga nyota watano wa taifa, huku bendi inayotumbuiza mtaa wa pili kutoka studio ikiwa haijawahi kusikika. Hapa ndipo redio jamii na vipindi maalumu vinapokuwa na thamani kubwa, mradi viwe na ngazi ya kupandia. Nchini Uingereza BBC Introducing, iliyoanzishwa mwaka 2007, huwawezesha wasanii wasio na kampuni kupakia nyimbo zao, zikasikilizwa na watangazaji wa redio za mikoa, na zile zinazoonekana kufaa hupelekwa juu hadi vituo vya taifa. Nchini Australia kituo cha triple j kilianza mwaka 1995 mpango wa kusaka wasanii wasiojulikana, ambao baadaye ulikua na kuwa na kituo chake chenyewe cha kidijitali. Kipindi cha wasanii chipukizi kinachopigwa Jumapili usiku bila ngazi ya namna hiyo huweza kugeuka mahali pa kuwahifadhia wasanii wasisumbue orodha kuu. Kikiwa na ngazi, kwa mfano wimbo uliopendwa zaidi mwezi huu ukaingia orodha ya mchana kwa majuma sita ya uhakika, kinaanza kulivunja lile duara.

Kwa hiyo chama cha wasanii kinachokwenda kukutana na meneja wa kituo, au na mamlaka ya utangazaji, kingefanya vyema kuacha kwanza suala la asilimia na kuomba mambo yanayoweza kukaguliwa: idadi ya nafasi katika orodha ya mchana zitakazotengwa kwa nyimbo mpya za nyumbani, mara ambazo kila wimbo uliokubaliwa utapigwa kwa siku, majuma utakayopewa kabla ya kupimwa kwa wasikilizaji, na ripoti ya mwezi inayotaja saa za kupigwa. Meneja mwenye hofu ya kupoteza wasikilizaji ana sababu ya kukubali nafasi mbili au tatu kwa majaribio, kwa kuwa wimbo usiozoeleka ukiwekwa kati ya nyimbo mbili zinazopendwa sana huwafukuza watu kwa uchache, mbinu ambayo wapangaji wa nyimbo huitumia kila siku kwa nyimbo za ng'ambo. Baada ya majuma hayo kipimo kifanyike. Zitakuwepo zitakazoshindwa, na ziondolewe bila ugomvi, kwani zitakuwa zimeshindwa baada ya kusikika.